Nahamisha orodha ya kadi zangu za Magic kutoka programu ya zamani, mistari 611 imeyeyuka njiani

Mtanga_wa_Hamburg

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada na msinicheke. Nakusanya kadi za Magic: The Gathering (mchezo wa kadi za kichawi) tangu 2009 nilipofika huku Ujerumani, mjomba ndo aliniambukiza huu ugonjwa, na kuanzia 2010 kila kadi iliyoingia mkononi nimeiandika kwenye programu moja ya kompyuta. Jina nalihifadhi maana wenyewe walishaitelekeza, toka 2018 haipokei matoleo mapya ya kadi na kwenye laptopu mpya haifunguki kabisa, inafunguka kwenye ile ya zamani tu ambayo feni yake saa hizi inalia kama mashine ya kusaga unga.

Ndani nina mistari 3,918, ukihesabu na nakala ni kadi 6,412. Programu ina kitufe cha kutoa faili la CSV (orodha ya maandishi tupu, mistari na kolamu), nikatoa, nikaliingiza kwenye programu mpya ya mtandaoni. Ikaniambia mistari 3,256 imeingia, 51 ina makosa, asante kwaheri. Nikajumlisha nikapata 3,307. Sasa hiyo 611 iliyobaki iko wapi? Haijaingia, haijakataliwa, haimo kwenye orodha ya makosa, haimo popote yani.

Na zilizoingia nazo zina vituko. Foili (zile kadi zinazong'aa) zote zimekuwa kadi za kawaida, na hali ya kila kadi imeandikwa Near Mint, yani karibu mpya kabisa, hata zile nilizonunua kwenye soko la vitu chakavu zimekunjwa kona. Kwa bei za sasa hivi nimekuwa tajiri kwenye karatasi.

Nimeanza kuingiza moja moja kwa mkono, jana nimekaa saa nzima nimepata 40, mke kapita akaniuliza kama nimepata kazi ya pili. Kuna mtu amewahi kuhamisha kwa njia ya kibinadamu?

BabaZuu

Mimi nimefungua huu uzi nikijua ni kadi za michango ya harusi, nikasema leo nimempata mwenzangu anayeziweka kwenye kompyuta, maana mimi mwezi huu peke yake nimepewa saba 😂

Ila mkuu vitu 611 vimeondoka kimyakimya bila kelele wala alama, hiyo Tanga nyumbani kwenu mnaijua inaitwaje. CHUMA ULETE. Weka ndimu kwenye boksi la kadi halafu urudi kwenye CSV.

Bint_Forodhani

Pole kaka. Mimi nimeshahama mara mbili, mara ya kwanza nililia kweli, kwa hiyo hakuna wa kukucheka hapa (ukimtoa huyo juu).

Kabla hujagusa kitu acha kwanza kuingiza kwa mkono, maana ukishachanganya za mkono na za faili hutojua tena ipi imeingia mara mbili. Futa kila kitu kwenye programu mpya ianze tupu. Halafu lile faili la kwanza kabisa lililotoka kwenye programu ya zamani lifanyie kopi, weka mbali, liite ASILI, usiliguse tena maisha yako yote.

Nijibu haya. Umelifungua faili kwa Excel hata mara moja ukabonyeza kuhifadhi? Ukilifungua kwa Notepad, si Excel, linaonyesha mistari mingapi? Na la tatu ambalo ndo muhimu zaidi, hizo zilizopotea zina mpangilio wowote au zimetawanyika? Mfano ni za toleo moja, au za herufi fulani, au zote ni foili. Vitu vinavyopotea kwenye kompyuta mara nyingi vinapotea kwa jirani, vikikaa pamoja vinaondoka pamoja. Tubandikie na mistari mitano hivi kama ilivyo, usiisafishe.

Msee_wa_Binder

Niaje Mtanga, hapa Nairobi. Mimi ni wa Pokémon lakini hio swali ya Excel ameuliza Bint, tafadhali ichukulie serious, mi ilinichoma vibaya sana.

Kadi za Pokémon zina namba chini, namba ya kadi mkwaju idadi ya seti. Sasa kuna ile seti ndogo ya Detective Pikachu ya 2019, kadi 18 tu. Nikafungua faili yangu kwa Excel ile ya kubonyeza mara mbili tu, nikaangalia, nikasave, nikafunga. Kuja kuimpoti, kadi ya 10/18 imekuwa "Oct-18", na Charizard wangu wa 5/18 amekuwa "May-18". Yani Excel imeona 5/18 ikasema aah hii ni tarehe. Na ukirudi kubadilisha iwe maandishi inakupea namba ingine kubwa hujawahi kuona, kwa sababu 5/18 yenyewe ilishakufa hapo ndani, imebaki tarehe. Seti kubwa za 102 au 165 zinapona juu hakuna mwezi wala mwaka unaitwa 102, ndo maana nilichukua wiki mbili kugundua, kadi elfu moja ziko poa na kumi na kitu zimekuwa kalenda.

Halafu seti za siku hizi zinaandika namba na sifuri mbele, ile 151 ya 2023 Pikachu ni 025/165. Kama programu yako inaweka namba kwa kolamu yake pekee, Excel inakula sifuri inabaki 25. Programu zingine zinaelewa, zingine zinakwambia hakuna kadi kama hio.

Tumia LibreOffice (programu kama Excel). Ukifungua CSV inakuuliza kwanza kila kolamu ni ya aina gani, unachagua zote halafu unaziambia ziwe maandishi. Dakika moja tu.

Mtanga_wa_Hamburg

Asanteni sana, nimerudi toka kazini nimekaa nalo.

Excel nililifungua kweli, ila kwa bahati sikuhifadhi, na nimetoa faili jipya nimeliita ASILI kama ulivyosema dada. Kwenye Notepad++ linaonyesha mistari 3,919, yani 3,918 na wa juu wa vichwa. Kwa hiyo kadi zote ZIMO kwenye faili!! Hazijapotea huku, zinapotea kule.

Mpangilio sasa. Faili limepangwa kwa alfabeti ya majina ya kadi. Nimelinganisha na zilizoingia, nikaanza na A hadi F zote zipo (ukiacha zile 51 za makosa), G ya mwanzo ipo, halafu baada ya Goblin Guide hakuna kitu. Sina H hata moja. Sina Island (kadi ya ardhi, kila mchezaji anayo) hata moja, na mtu mwenye kadi elfu sita asiye na Island huyo ni muongo. Zinarudi tena kwenye M, baada ya Maelstrom Pulse. Hapo katikati ni kama mtu kapita na mkasi.

Mistari yenyewe hii hapa, nimeiokota huku na huku, programu ilikuwa ya Kijerumani kwa hiyo vichwa ni vya Kijerumani (Anzahl ni idadi, Zustand ni hali, Notiz ni maelezo, Ja ni ndiyo, Nein ni hapana):

Name;Edition;Anzahl;Foil;Zustand;Notiz
Goblin Guide;Zendikar;2;Nein;NM;"Zawadi ya mjomba siku tuliyoenda Bremen
Goblin King;6th Edition;1;Nein;GD;
Maelstrom Pulse;Alara Reborn;1;Nein;EX;"Nilibadilisha na Wild Nacatl 4"
Lim-Dûl's Vault;Alliances;1;Nein;LP;
Lightning Bolt;Magic 2011;4;Ja;NM;

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuingiza data bandarini Dar miaka mingi, kadi zenu sizijui kabisa, mjukuu ndo anazo, lakini hilo tatizo nalijua kama kiganja changu.

Kijana tazama mstari wa Goblin Guide, mwisho. Umefungua semi (") hujafunga.

Kwenye CSV ile alama ya fungua semi ina kazi yake. Maana yake ni "kuanzia hapa mpaka nitakapofunga, kila kitu ni neno moja, usikate". Hata mstari ukiisha, hata ikija nukta mkato (;), hata yakija majina mia sita ya kadi, msomaji anaendelea kumeza mpaka akutane na alama nyingine kama ile. Na faili lako linatenganisha kwa nukta mkato, si kwa mkato wa kawaida, kwa hiyo hakuna jina lililohitaji kuwekewa semi, hizo alama zipo tu pale ulipoandika mwenyewe kwenye maelezo. Iliyofuata ikawa kwenye Maelstrom Pulse. Basi kadi zako zote kuanzia Goblin King mpaka hiyo ya Maelstrom zimeingia ndani ya kisanduku cha maelezo cha Goblin Guide kama neno moja refu. Na programu mpya naona haina kisanduku cha maelezo, au haikukitambua kwa sababu kinaitwa Notiz, ikakitupa. Ndo maana hakuna kosa lililoandikwa. Kwa upande wake imesoma mstari mmoja, mzima kabisa.

Sasa kwa nini hukufunga semi? Nimehesabu herufi. Kutoka alama ya kufungua hadi n ya Bremen ni 40 kamili. Nina wasiwasi programu yako ilikuwa inakata maelezo kwenye herufi 40, ukaandika ukafunga vizuri, ya 41 ikatupwa. Ile ya Maelstrom ni fupi ndo maana imebaki na alama zote mbili.

Dawa ni rahisi. Kwenye Notepad++ tafuta alama zote za semi uzifute, weka badala yake hewa tupu. Kwa kuwa kitenganishi chako ni nukta mkato hutoharibu chochote. Tulikuwa na meli moja mwaka fulani, orodha ya shehena ina mistari elfu mbili, mfumo unaonyesha kontena 90. Nahodha anatuangalia, sisi tunamwangalia. Ilikuwa semi moja tu.

BabaZuu

Mzee umeiua 🙌 Yani chuma ulete ni mjomba wake mwenyewe.

Bint_Forodhani

Mzee Karani shikamoo, hapo umenifunza. Naongeza tahadhari moja tu kabla hajafuta semi zote. Zipo kadi ambazo semi ni sehemu ya jina lenyewe, kuna Kongming, "Sleeping Dragon" na kuna Henzie "Toolbox" Torre. Henzie ni wa 2022 kwa hiyo kwenye programu iliyokufa 2018 hayumo, Kongming ndo wa kumwangalia. Kama unaye mwandike pembeni umuingize kwa mkono.

Sasa twende kwenye hizo 51 na huo utajiri wa karatasi.

Foili. Kolamu yako inasema Ja na Nein. Programu mpya inangojea neno "foil" au nafasi tupu, ikiona Ja haijui ni nini inaweka kawaida. Badilisha kwenye kolamu hiyo TU, Ja iwe foil na Nein iwe tupu. Nasema kolamu hiyo tu kwa sababu ukifanya badilisha yote kwenye faili zima, kadi zote za Jace zinakuwa foilce. Usiniulize nimejuaje.

Hali ya kadi, hapa nenda polepole kaka. Kichwa Zustand programu haikukijua, ikaweka NM kwa wote. Ukibadilisha kichwa kiwe Condition utaona umemaliza, kumbe ndo unaanza, kwa sababu vifupisho vyako ni vya Ulaya, vile vya Cardmarket (soko la kadi la mtandaoni), ngazi saba toka nzuri hadi mbovu: MT, NM, EX, GD, LP, PL, PO. Programu nyingi zinafuata ngazi tano za Kimarekani za TCGplayer: NM, LP, MP, HP, na mwisho iliyoharibika. Umeona LP iko pande zote mbili? Ya Marekani ni ya pili toka juu, imechakaa kidogo tu. Ya Ulaya ni ya tano, chini ya EX na chini ya GD. Herufi zilezile, kadi tofauti kabisa. Ni kama grade A ya mitumba, kila mfungua belo ana grade A yake. Mimi EX naipeleka LP, GD naipeleka MP, LP ya Ulaya nayo MP, au HP kama naikumbuka sura yake, PL iwe HP, PO ndo iliyoharibika. Na uanze na LP zako za zamani kwanza uzibadilishe, ndo uje kwa EX. Ukianza na EX kuifanya LP, halafu ukageuka kuifanya LP iwe MP, zile EX nazo zinakwenda pamoja. Hilo nalo usiniulize.

Majina. Hizo 51 nakuhakikishia nyingi ni za aina tatu. Herufi zenye vikofia, kama Lim-Dûl uliyoibandika. Programu ya zamani ya Windows itakuwa imehifadhi kwa Windows-1252 (namna ya zamani ya kuhifadhi herufi), mpya inasoma kama UTF-8 (namna ya siku hizi), inakuta û inaweka kile kialama cha swali ndani ya almasi, basi jina halipo duniani. Kwenye Notepad++ kuna menyu ya encoding, usibadilishe muonekano tu, chagua ile ya kugeuza kwenda UTF-8. Aina ya pili ni kadi za majina mawili, wewe umeandika Fire/Ice, programu mpya zinaandika Fire // Ice na mikwaju miwili na nafasi. Delver of Secrets na wenzake wenye sura mbili, wengine wanataka sura ya mbele tu, wengine wanataka zote mbili na // katikati. Ya tatu ni Æther. Kadi za zamani kama Æther Vial zilichapishwa na ile herufi iliyoungana, siku hizi jina rasmi ni Aether Vial, herufi mbili.

Halafu majina ya matoleo. Umeandika 6th Edition, kwengine inaitwa Classic Sixth Edition. Ndo maana watu wanapenda kodi (yani misimbo) za herufi tatu, lakini hata kodi zina mambo yake, Urza's Saga kuna waliokuwa wakiiita UZ na sasa ni USG, Tempest ilikuwa TE sasa TMP, Invasion IN sasa INV. Orodha yote ya matoleo na kodi zake iko Scryfall (tovuti ya kutafutia kadi za Magic), ikopi kwenye karatasi ya pili ya LibreOffice, tumia VLOOKUP (fomula ya kutafuta na kulinganisha) upate kolamu mpya ya kodi. Kazi ya nusu saa, na ukishaifanya kila mlango unafunguka, maana kwenye tovuti za kutunza orodha za kadi, Moxfield kwenye kolamu ya Edition wanaandika kodi, Deckbox wanaandika jina refu, na wewe utakuwa nazo zote mbili.

Msee_wa_Binder

Bint amesema yote, mi niongeze tu kitu moja ndo usirudi hapa tena miaka tano ijayo na hii stori.

Usihame na jina. Jina linabadilika, jina la toleo linabadilika, vikofia vinapotea. Kila kadi kule Scryfall, na nasema kila chapa ya kila kadi, iko na ID yake, ile ndefu ya herufi na namba. Lightning Bolt ya Magic 2010 ni namba 146, ya Magic 2011 ni namba 149, na ID zao ni mbili tofauti. Ukishakuwa na hio ID kwa kila mstari, programu ingine yoyote inayoielewa inachukua bila maswali. Kama unajua kuandika code kidogo, Scryfall wanakubali uwatumie kadi 75 kwa mara moja, unawapa jina na kodi ya toleo wanakurudishia kila kitu, na zile hawajapata wanakuwekea kando kwa orodha yake. Mistari yako 3,918 gawa kwa 75, ni safari 53. Usiwapige zote kwa sekunde moja, pumzika kidogo kati ya moja na ingine, ni heshima na pia wanaweza kukufungia.

Kama code si mambo yako, pitia ManaBox kwa simu. Impoti hapo, rekebisha hapo, halafu ekspoti tena, CSV yao inatoka na kolamu ya Scryfall ID tayari. Kwa hivyo hata kama hutaki kuitumia, ipitie tu kama vile matatu inapitia stage.

Na uko na bahati hujui. Toka Throne of Eldraine ya 2019 kadi moja kwa toleo moja inaweza kuwa na sura tatu nne, ya kawaida, ya fremu maalum, ya bila ukingo, kwa hivyo jina na toleo haitoshi, lazima namba ya kadi. Programu yako ilikufa 2018, kwa hivyo kwa kadi zako nyingi jina na toleo inatosha kabisa. Mahali itakusumbua ni Island na ndugu zake, kila toleo liko na michoro minne hivi, na programu yako haikuweka namba. Pia zile za Fallen Empires za 1994, Hymn to Tourach peke yake iko na michoro minne. Mimi ningekuwa wewe ardhi za kawaida ningeziacha ziingie vile zitaingia. Hakuna mtu atakuja kukuuliza Island yako ni ya mchoro gani.

Bint_Forodhani

Yupo. Mimi 😒 Island zangu zote zina namba.

Lakini kwa mwenye haraka ndio, aziache. Na kaka, kabla ya kuingiza zote tengeneza faili dogo la kadi ishirini, lakini zichague zile korofi tupu: foili moja, LP moja, Lim-Dûl, Fire // Ice, Delver, Jace, the Mind Sculptor (kwa sababu ya mkato katikati ya jina, LibreOffice ikihifadhi kwa mikato itamwekea semi yenyewe, hapo ni sahihi usizifute!), Goblin Guide mwenyewe, na moja yenye bei kama uliandika bei. Bei za Kijerumani zina mkato badala ya nukta, 3,50 inaweza kusomwa 350. Hizo ishirini zikiingia salama na ukazikagua kwa macho moja moja, ndo ulete elfu tatu.

Mtanga_wa_Hamburg

Nimerudi wakuu, ni Jumapili usiku, nimelala saa nne jumla tangu Ijumaa.

Mzee Karani kwanza, shikamoo, na heshima yako. Nimefungua laptopu ya zamani nikaenda kwenye Goblin Guide, kisanduku cha maelezo nikajaribu kuandika, kinagoma kwenye herufi ya 40 kamili. Nilikuwa sijawahi kugundua miaka yote hiyo kwa sababu huwa siandiki maelezo marefu, zipo kama tano tu kwenye faili zima. Nimefuta semi zote (Kongming sina, ningekuwa naye ningekuwa nimeshamuuza).

Faili la ishirini lilinikatalia mara tatu. Mara ya kwanza foili, kumbe nilibadilisha Ja kuwa Foil yenye herufi kubwa na yenyewe inataka ndogo. Mara ya pili Fire // Ice nilisahau nafasi. Mara ya tatu bei, na Bint alishasema, Tarmogoyf wangu alikuwa anauzwa kwa elfu nne na mia tano badala ya arobaini na tano, nilimwita mke aje aone kabla sijairekebisha.

Halafu nikaleta zote. Zimeingia 3,916, makosa 2, na jumla safari hii inatimia. Island zipo. Foili zinang'aa. Thamani yote imeshuka karibu theluthi baada ya kuweka hali zenyewe, inaniuma lakini ndo ukweli. Baada ya hapo nimepitisha ManaBox kama Msee alivyosema, sasa nina faili lenye ID kila mstari, nimeliweka sehemu tatu, moja kwa shemeji.

Hizo mbili zilizobaki nimezitazama. Moja ni jina nililikosea kuandika mwenyewe 2011, nimelirekebisha. Ya pili ndo inanikoroga, inasema Lightning Bolt, Zendikar, nakala 1. Nimetafuta Scryfall kwenye toleo la Zendikar hakuna kadi hiyo.

Msee_wa_Binder

Haiko. Bolt haikuchapishwa kwa Zendikar. Ulichagua toleo kimakosa wakati unaandika, Zendikar na Magic 2010 zote ni za 2009, itakuwa ulikuwa unaandika kadi nyingi za Zendikar hio siku ukasahau kubadilisha.

Mtanga_wa_Hamburg

Inawezekana. Ila pia nina Bolt za Magic 2011 na moja ya 4th Edition, sasa siwezi kukisia tu. Maboksi yako stoo ya chini, na funguo kaenda nayo jirani. Kesho nikitoka kazini nashuka naangalia alama ya toleo kwenye kadi yenyewe.